Wakuu, MRI ya uhakika naipata wapi? Vipimo vyote safi ila naumia

Kijana wa Igoma: Habari za usiku wakuu. Nina miaka 36, niko Mwanza. Mwezi wa 14 huu mgongo unawaka moto katikati ya mabega, moto wenyewe unatembea, unashuka mpaka miguuni, miguu inakufa ganzi, kifua kinabana mpaka nasema leo ndo leo. Nimepima damu, sukari, figo, ini, ECG, utrasaundi, picha ya kifua mara 2, zote safi. Kila daktari ananiambia hana anachokiona. Mwenye kujua penye MRI nzuri anielekeze, hela natafuta.

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Umepima typhoid na UTI? Mimi ilinisumbua mwaka mzima kumbe UTI.

Mzee wa Nyakato: Moto unaotembea sio wa hospitali huo. Rudi kijijini ukaongee na wazee.

Nesi Kahama: Pole kaka. Daktari wa mwisho alikuandikia dawa gani?

Kijana wa Igoma: Za kawaida tu dada.

Nesi Kahama: Nitajie jina, soma kwenye pakiti.

Kijana wa Igoma: Amitriptyline 25 mg, nusu kidonge usiku. Nilimeza siku 3 tu, mdomo ukakauka, asubuhi siamki, nikasoma kile kikaratasi cha ndani nakuta ni ya sonona. Mimi sina wazimu wakuu, mimi naumwa mgongo! Nikaacha. Sasa hivi kuna jamaa ananipatia tramadol, ile dawa kali ya maumivu, namshukuru maana angalau nafanya kazi, nikikosa natetemeka na jasho linanitoka. Na msinikatishe tamaa, kiwanja changu cha Kisesa kina mteja tayari, Jumamosi analeta advansi, naenda India wanipime mwili mzima.

Bwana Shamba: Umenikumbusha mama. 2011 tuliuza ng'ombe 2 tukampeleka Samunge, Loliondo, kwa Babu wa kikombe cha dawa, kikombe kilikuwa shilingi 500 tu ila nauli ndo ilitumaliza, foleni ya magari huoni mwisho, tukalala porini siku 4 mvua inatunyeshea. Alirudi anacheka, wiki ya 3 moto ukarudi pale pale. Wale ng'ombe mpaka leo nawaona.

Chuma cha Pua: Chai hii. ID ina wiki 2, subirini ukurasa wa pili atokee mtu "mimi nilipona kwa unga wa mizizi, njoo inbox".

Mama Wawili: Na kweli, mbona tramadol kaificha mpaka kabanwa?

Nesi Kahama: Hata iwe chai, kuna mtu anasoma usiku huu na mgongo unamuwaka hivyo hivyo, wacheni niongee naye. Kaka, maumivu yako ni ya kweli, kipimo kuwa safi hakumaanishi unadanganya. Hiyo amitriptyline kwa dozi ndogo tunawapa watu wenye maumivu ya mishipa ya fahamu na wanaokosa usingizi, sio wazimu, na inachukua wiki kadhaa, siku 3 hazitoshi. Sikudanganyi kwamba ni muujiza. 2014 watafiti walikusanya majaribio 26 ya dawa mbalimbali kwa watu wazima wenye hali kama yako, wanaumwa ila vipimo havionyeshi chanzo, wakakuta ushahidi ni dhaifu, wapo wanaopata nafuu na wapo wasiopata, ndo maana unatakiwa urudi daktari akuangalie. Ninachoogopa mimi ni hiyo tramadol. Ukichanganya na amitriptyline unaweza kuanguka degedege, na ukiikata ghafla mwili utakusumbua, inapunguzwa taratibu daktari akijua. Halafu niambie, miezi 14 iliyopita kulitokea nini?

Kijana wa Igoma: Sio chai dada. Pakiti iko hapa mezani, vimebaki 28 na nusu, nimevihesabu sasa hivi. Mwezi ule tulimzika kaka yangu. Alikuwa anashika mgongo hapa hapa ninaposhika mimi, wakampima wakamwambia uko safi, kapumzike. Wiki ya pili tukamzika. Sasa mtu akiniambia niko safi mimi nasikia nini?

Chuma cha Pua: Pole sana ndugu yangu. Nisamehe.

Nesi Kahama: Pole kaka, pole mno. Daktari ulimwambia habari za kaka?

Kijana wa Igoma: Hakuuliza.

Nesi Kahama: Kesho nenda, usisubiri wiki iishe. Beba pakiti zote mbili, muanzie kwenye msiba, tramadol usimfiche, na umwambie kaka alikufaje ili naye ajue aangalie nini. Mteja wa kiwanja mwambie asubiri.

Kijana wa Igoma: Katuma meseji jioni anauliza Jumamosi saa ngapi. Bado sijamjibu.