Eti "masikio yako ndo mabovu"!!! Huyu fundi mnamjua, nimemchoka

Wakuu nimetoka kwake sasa hivi mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua, yule wa pale chini ya ngazi anayepuliza mashine kwa mdomo afu anakudai elfu 30 ya sevisi.

Iko hivi, nina desktop ya mtumba, Windows 7, nimeipachika GPU (kadi ya picha) nicheze PES 2013 kama binadamu. Muziki unapiga safi, muvi safi, ila nikiingia tu kwenye gemu na mashabiki wakaanza kelele, sauti inakwaruza kama kuna mtu anakaanga dagaa ndani ya spika, mtangazaji anagugumia go-go-go-go mpaka timu zimesharudi kati. Kakaa nayo siku 4. Kaniuzia na spika mpya. Nimefika home, dagaa walewale!

Nimemrudishia leo, duka limejaa, kuna mama na watoto wake wawili, jamaa ananiangalia afu kwa sauti ya mnadani: "Dogo, mashine nzima hii, masikio yako ndo mabovu." MASIKIO YANGU. Yule mama kacheka mpaka kashika kaunta. Mimi ambaye jirani akifunua sufuria najua ni maharage!

Nimefungua mwenyewe. Device Manager, View, Resources by type, nakuta kadi ya sauti na GPU zimebanana IRQ 16 moja (IRQ ni laini ya kifaa kuiita prosesa), na sauti ya kwenye motherboard nayo hajaizima. Nimehamisha kadi sloti ya chini, nimezima ile nyingine kwenye BIOS (setingi za mashine kabla Windows haijawaka), dakika 10, dagaa kwisha. Masikio mabovu, mbele ya watoto!!

kipara_ngoto: Kwa hiyo spika ulinunua 😂😂 masikio yako mazima mkuu, tuangalie kichwa

mzee_wa_floppy: Nyie mnadeka. Sisi enzi za DOS, kadi ya sauti ya Sound Blaster ya mwanzo inakuja na IRQ 7, hiyohiyo ya tundu la printa, LPT1. Ukitaka mlio wa risasi unahamisha jampa (kile kipini) kwenye kadi iende IRQ 5, unaandika SET BLASTER=A220 I5 D1 kwenye faili la kuwashia mashine, AUTOEXEC.BAT, ili gemu liione, unaomba Mungu

bit_moja: Kushea IRQ siyo kosa lenyewe, Windows inaruhusu. Draiva moja (programu ya kuendesha kifaa) ikichelewa ndo sauti inakatika. Ungewasha programu ya LatencyMon ikuoneshe ni ipi

mleta uzi: We bit_moja ulikuwepo nikitukanwa? MASIKIO

dada_K: Mimi nilimpelekea laptop ina RAM 8 ikarudi na 4, akasema zingine zimeyeyuka na joto

kipara_ngoto: 😂😂😂 zimeyeyuka

shombe_la_pweni: Chaja yangu anayo tangu Ramadhani, kila nikienda eti "kesho"

dada_K: Nenda na mama yako, mimi ndo nilivyoipata laptop

mzee_wa_floppy: Mleta uzi hizo spika unauza? Nakupa elfu 10

mleta uzi: Elfu 25, bado ziko na nailoni yake

mzee_wa_floppy: 12, uniletee wewe