Naomba ushauri: bibi yangu husimulia njaa tukiwa jikoni, lakini kamera ikiwashwa hunyamaza

Mjukuu wa Xinyang
Salaam kwenu, wakubwa kwa wadogo. Nilizaliwa Dar es Salaam. Mama yangu ni Mzaramo na baba ni Mchina wa Xinyang, mkoani Henan, ambako nipo sasa kwa bibi mzaa baba nikitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu ukoo wetu. Bibi alizaliwa mwaka 1948, kwa hiyo njaa kuu ya 1959 hadi 1961 ilimkuta akiwa mtoto, tena katika mojawapo ya maeneo yaliyoumia zaidi nchini China. Tukipika pamoja hunieleza bila kuulizwa jinsi masufuria ya nyumbani yalivyochukuliwa kwenda kuyeyushwa yawe chuma cha pua, kijiji kizima kikawa kinakula kwenye bwalo moja, na yeye akiukodolea macho upawa wa mpakuaji, ajue kama utazama chini penye punje au utachota maji ya juu. Hadi leo akimaliza kula hupitisha kidole kuzunguka bakuli. Nami, niliyekulia Temeke, hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa baba alifanya hivyo nami nikamwiga.

Lakini nikimkalisha sebuleni na kuwasha taa, hukunja mikono na kusema ya zamani yamepita. Baba naye amenipigia simu akitaka niache kuchokonoa kidonda. Je, nina haki ya kuendelea, mtu ambaye hata lahaja ya Henan naielewa nusunusu?

Mhariri wa Picha
Kaka, haki unayo, kwani hicho kidole kwenye bakuli umekirithi. Mwaka 2010 Wu Wenguang, Mchina mtengenezaji wa filamu za hali halisi, alianzisha mjini Beijing mradi uliowarudisha vijana vijijini kwao kuwahoji wazee kuhusu njaa hiyo hiyo, na wengi walikwenda na kamera ndogo tu. Zima taa, kaa naye jikoni, mikono yake iwe na kazi.

Mama Salma
Mwanangu, nimekuwa mkalimani Guangzhou kwa miaka mingi, na naomba ukitazame hicho kiti cha sebuleni kwa macho ya bibi yako. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao ya kuwasaka waliodhaniwa maadui wa ukomunisti, 1966 hadi 1976, watu wa rika lake waliona majirani wakisimamishwa mbele ya umati wajieleze, na kila neno lililotoka kinywani liliweza kugeuzwa kuwa kosa. Isitoshe, kila familia ilikuwa na jina la tabaka, kama mkulima maskini, mkulima tajiri au mwenye ardhi (hao wawili wa mwisho wakihesabiwa maadui), na jina hilo lilitoka kwa baba kwenda kwa mtoto mpaka lilipofutwa mwaka 1979. Baba yako alizaliwa kabla ya hapo? Basi muulize fomu zake za shule ziliandikwaje.

Mkongwe wa Jukwaa
Nakubaliana na waliotangulia, ila usimrekodi kwa kificho hata dakika moja. Pia kumbuka kwamba wewe utapanda ndege uondoke, ilhali bibi atabaki na majirani wale wale. Tamasha la filamu huru la Beijing lilifungwa na mamlaka mwaka 2014, kwa hiyo kubaliana naye mapema filamu itaonyeshwa wapi na kwa nani.

Mjukuu wa Xinyang
Ahsanteni sana, hasa Mama Salma. Nilimpigia baba nikamuuliza kuhusu fomu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema ya kwao iliandikwa "mkulima tajiri", na kwamba darasani alikuwa akiifunika sehemu hiyo kwa kiganja ili aliyekaa naye dawati moja asiisome. Hakuwahi kumwambia mtu, hata mama. Amekubali niitumie sauti yake, kwa masharti kwamba aisikilize kwanza.

Bibi nimemweleza kila kitu, pamoja na hofu zangu. Jana kamera tuliiweka kwenye rafu, kando ya mtungi wa mchele, na kabla hajaanza kukata vitunguu aliniomba nimwonyeshe kitufe cha kuizimia. Alikijaribu mara mbili, akaridhika, akachukua kisu.