Kwani ng'onda, samaki mkavu wa watu, amewakosea nini nyinyi watu wa Android??

Wallahi leo nimechoka. Saa sita usiku niko Kongowea hapa Mombasa na leptopu inachemka, bildi (kugeuza kodi ya programu iwe app) imegoma sijui mara ya ngapi, na kosa lenyewe si kodi hiyo wala memori, ni JINA. Jina la picha jamani.

Iko hivi. Natengeneza app ya kina mama wauza samaki, waone picha, waguse, waandike bei. Nimepiga picha zangu safi, changu, tafi, nguru, kolekole, na papa ng'onda, nikazimwaga zote kwenye res/drawable, folda ya picha za app. Bildi ikakataa Changu.png kisa herufi kubwa. Haya nikabadilisha. Ikakataa kolekole-mkubwa.png kisa kistari. Haya. Kufika ng'onda.png ikalia tena, eti nitumie a mpaka z ndogo, namba na kistari cha chini basi, ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng', haitaki kuiona!

Najua mtakuja na "soma dokumentesheni". Nshasoma. Kila faili humo inageuzwa kuwa jina ndani ya klasi ya R, orodha ya majina inayojitengeneza wakati wa kubildi, ndo unaiita R.drawable.kitu, na Java, lugha ya programu, haikubali ritifaa kwenye jina, ndo maana hata ukiita picha new.png au default.png unakula kosa, hayo Java imeshajiwekea. Sawa. Lakini herufi kubwa Java haina shida nazo, sasa hapo shida ni ya nani?

Na asije mtu na "andika ngonda tu itaeleweka". Ng'oa na ngoa ni kitu kimoja? Moja ni jino, nyengine ni wivu. Hata kwenye strings.xml, mahali pa maneno ya kusomwa na watu, nalazimika kuandika ng\'onda kama mtu anayeomba radhi.

Halafu mwenzangu wa Likoni anatumia Windows, mie Linux. Nikaandika faili ya C++, lugha nyengine ya programu, nikaiita aux.cpp, kwangu freshi, kwake hata kuivuta haivutiki, kumbe aux, con, nul, prn, com1 ni majina ya vifaa toka enzi za DOS na Windows yake bado inayalinda, hata ukiweka .cpp nyuma!! Tukaiita saidia.cpp tukaendelea. CMake nayo, chombo cha kubildi C++, ukishawasha upimaji haitaki tageti (kitu unachokibildi) iitwe test, ila hii angalau ina dawa, unaipa tageti jina jengine halafu kwenye OUTPUT_NAME unaandika test, programu inatoka na jina ulilotaka. Kwa nini drawable haina kitu kama hicho?

Sasa picha nimezihamishia folda ya assets, na jedwali dogo la jina la samaki na faili yake. Kule ng'onda amekaa na ritifaa yake raha mustarehe. Lakini assets haipiti kwenye R, kwa hivyo ukikosea herufi moja inabildi vizuri tu, halafu app inakufa mkononi mwa mama wa watu pale sokoni mbele ya wateja.

Mwenye njia nyengine aseme. Na wa kwanza kuniambia niandike driedfish.png namblok.