Mafundi wa motohomu, acheni kuuzia watu betri kabla hamjapima waya!

Wakuu, uzi huu naufungua nikiwa na hasira na sitaficha. Mwenye motohomu (gari lenye makazi ndani yake) analeta gari, analalamika kwamba betri za nyumba, yaani zile za taa, friji na pampu ya maji, hazijai hata akiendesha kutwa nzima. Fundi anafungua kifuniko, anagusisha mita, anasoma 12.2, anatoa hukumu: "Betri zimekufa, nunua mpya." Mteja analipa. Wiki chache baadaye betri mpya nazo zinasoma 12.2, na hukumu ni ileile. Huu ni wizi, hata kama anayeufanya hajijui kama anaiba.

Volti 12.2 kwenye betri ya asidi iliyotulia maana yake ina chaji kama nusu. Haikuambii lolote kuhusu uzima wake. Ukitaka kujua kama ni nzima, ijaze kwanza kwa chaja ya umeme wa ukutani, zima kila kitu, iache itulie usiku kucha, ndipo upime. Nzima itasoma 12.6 hadi 12.8, na AGM (betri ya asidi iliyonyonywa ndani ya nyuzi za kioo) hupanda zaidi kidogo. Kisha ipe mzigo unaoujua: betri ya Ah (ampea-saa) 100, mzigo wa ampea 5. Ikianguka chini ya 11.5 kabla ya saa 5 kwisha, hapo una haki ya kutaja betri mpya. Kipimo hiki kinataka subira tu, na bado hakifanywi.

Sasa tuje kwenye chaji yenyewe. Motohomu nyingi zina njia tatu: altaneta (jenereta inayozungushwa na injini), chaja ya ukutani na sola. Kila njia ipimwe peke yake! Watu wanapima altaneta mchana wa jua kali huku paneli zinafanya kazi, wanaona 13.8 kwenye betri za nyumba, wanasema altaneta iko sawa, kumbe moto wote huo ni wa sola. Kata paneli kabla hujawasha injini. Na mpangilio ni huu: paneli hutoka kwanza, betri baadaye, kurudisha, betri inaanza, paneli inafuata. Kontrola nyingi za sola (kifaa kati ya paneli na betri) huunguzwa na fundi aliyechomoa betri huku paneli bado inasukuma.

Injini ikiwaka, ipandishe hadi mizunguko kama 1500, washa taa na feni za nyumba ili mkondo upite. Pima betri ya stata, ile inayowasha injini: utegemee 13.8 hadi 14.4. Kisha pima betri za nyumba, ncha za mita zikiwa juu ya risasi ya teminali yenyewe, si juu ya kibano, kwa sababu kutu hujificha katikati ya hivyo viwili. Ikiwa volti haijasogea kabisa tangu injini ilipokuwa imezimwa, hakuna kinachovuka: tafuta fyuzi, relei au waya wa ishara. Ikiwa imepanda lakini imekwama 13.1 wakati stata ina 14.2, moto unavuka ila unapotea njiani. Hizi ni kesi mbili tofauti, dawa zake tofauti.

Kesi ya pili ndiyo inayoua betri nyingi, na kuipata ni rahisi. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya stata na nyingine kwenye chanya ya nyumba, injini ikiwaka. Namba unayoisoma ndiyo volti inayopotea upande wa chanya. Rudia hasi kwa hasi. Jumla ikizidi 0.3 kuna ubovu, na usiache upande wa hasi, maana boliti ya erthi iliyokazwa juu ya rangi inaweza kula nusu volti bila dalili yoyote ya nje. Baada ya hapo sogeza ncha kipande kwa kipande: juu ya fyuzi, juu ya relei kati ya miguu yenye namba 30 na 87 inakopita chaji, juu ya kila kiungio. Palipo na namba kubwa ndipo penye ugonjwa.

Kishikio cha fyuzi kinastahili aya yake. Ukipima fyuzi bila mzigo, mita inalia, unaambiwa nzima. Lakini ichomoe uiangalie: mguu mmoja umegeuka bluu kwa joto, plastiki imekuwa ya kahawia na imelegea. Kiungio kama hicho kikipoteza volti 0.6 kwa ampea 25, ni wati 15 za joto ndani ya kipande cha plastiki. Chaji haifiki, na moto wa kweli unaweza kuanzia hapo. Badilisha kishikio chote, si fyuzi peke yake. Na fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya huo una betri kila upande.

Relei nayo: kusikia "tak" si ushahidi. Koili inaweza kuvuta vizuri huku mdomo wa shaba umeungua. Ikiwa haivuti kabisa, pima miguu ya koili, 85 na 86, injini ikiwaka; pasipo volti 12 hapo, shida iko kwenye ishara ya D+ (waya unaoambia relei kwamba altaneta inachaji) au erthi ya relei.

Kuhusu unene wa waya, hesabu haibembelezi mtu. Shaba ya milimita za mraba 6, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ampea 30: unapoteza karibu volti 0.9. Betri inayotaka 14.4 itaijazaje? Weka 16 upotevu ushuke hadi 0.33, bado juu kidogo ya ile 0.3; weka 25 ubaki 0.2.

Magari ya Euro 6 (kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari) ndiyo yanawafedhehesha mafundi wengi. Altaneta zake nyingi zinaongozwa na kompyuta: betri ya stata ikishiba, volti hushushwa hadi 12.5 hivi, halafu dereva akiachia mafuta hupanda hadi karibu 15. Relei ya volti, inayounganisha betri kwa 13.3 na kuziachia kwa 12.8, itakuwa inaachia kila mara safarini. Hapo panahitajika chaja ya betri kwa betri, inayovuta moto wa betri ya stata na kuupandishia volti za nyumba, iwashwe kwa D+. Hasi yake ifungwe kwenye bodi, si moja kwa moja kwenye nguzo ya betri ya stata, maana pale pana kihisi na mkondo usipokipitia, kompyuta inapiga hesabu potofu.

Na wanaobandika lithiamu kwenye mfumo wa zamani bila kugusa kitu kingine, mnafanya hatari. Inavuta mkondo mkubwa hadi altaneta inachemka, hasa gari likisimama linanguruma. Ikitulia hubaki juu ya 13, kwa hiyo relei ya volti haiachii hata injini ikizimwa. Isichajiwe chini ya nyuzi 0. Ikisoma volti 0 ghafla, huenda bodi ya ulinzi ndani yake imejifunga tu. Ipeleke kwenye chaja yenye uwezo wa kuiamsha kabla hujaitupa.

Chaja ya ukutani: angalia swichi ya aina ya betri. Zile za zamani zinazotoa 13.6 tupu hazijazi betri ya asidi inavyotakiwa, na salfeti ya risasi hujijenga kwenye bamba.

Wenye magari, msilipe betri mpya kabla fundi hajawaandikia namba hizi kwenye karatasi: volti za betri zote mbili injini ikiwa imezimwa na ikiwaka, upotevu wa chanya, upotevu wa hasi, na ampea kwa mita ya kubana inayosoma DC. Mwenye tatizo azilete hapa pamoja na aina ya betri, unene wa waya na kama gari ni Euro 6. Tutaanzia hapo.