Mashindano ya gofu ya hoteli hapa Mtwara: maproo (wachezaji wa kulipwa) walilipwa jukwaani, sisi makedi (wabeba mifuko ya fimbo) tunazungushwa mpaka leo

Wakuu, nimevumilia imetosha. Mtaani kuna maneno kwamba ile hoteli ya ufukweni (jina naliacha, wana Mtwara mnaijua) inataka kurudisha mashindano yake ya gofu ya kulipwa. Sina neno, yarudi. Ila kwanza walipe deni.

Kwa wasioyajua, yalichezwa misimu miwili yakafa kimyakimya. Wenzetu wa Kenya Open wako uwanjani tangu 1967, sisi hata jina halijazoeleka mtu kashafunga kibanda. Siku ya ufunguzi mliwasikia, hotuba ndefu, ajira kwa vijana wa kusini, "Ntwara kuchele" (Mtwara kumekucha) kila baada ya sentensi mbili.

Vijana ndio sisi. Tulifundishwa ukedi harakaharaka, tukavalishwa fulana. Anayeangalia kwenye TV anadhani kedi anatembea tu. Mchezaji anaruhusiwa fimbo 14, weka na mipira, maji, mwavuli, mzigo wote huo uko begani kwako mashimo 18. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha mashimo 9, kwa hiyo mnazunguka mara mbili kwenye jua la hapa. Mpira ukitumbukia kwenye banka (shimo la mchanga), akishapiga yeye, wewe ndiye unashika reki kusawazisha. Ukikanyaga njia ya mpira wa mwenzake kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo), utafokewa mbele ya watu.

Sasa hela. Tuliahidiwa posho kwa siku, kwa mdomo. Msimu wa kwanza tulilipwa, kwa kuchelewa. Wa pili ndipo danadana zilipoanza. Baada ya raundi mbili wachezaji wa mkiani hukatwa, ndiyo taratibu ya gofu ya kulipwa. Basi wakatuambia kedi ambaye mchezaji wake amekatwa hana chake! Kwani mfuko siku zile mbili ulijibeba? Na waliofika raundi ya nne nao hawajaona kitu. Kwenye mashindano makubwa ya kulipwa ya Marekani kedi wa bingwa huwa anaondoka na kama asilimia 10 ya zawadi. Hatujaomba hiyo. Tunadai posho.

Ukienda hotelini, "muulizeni mratibu". Mratibu, siku alizokuwa anapokea simu, "mdhamini hajaingiza". Bingwa alikabidhiwa hundi yake tukiwa tumesimama pale pale tukipiga makofi, kwa hiyo hela ilikuwepo. Grini nazo zilinyweshewa kwa maboza asubuhi na jioni, wakati majirani wa ukuta ule wanahangaika na ndoo. Boza halikopeshi, mnajua.

Tumeulizia CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), tukaambiwa madai kama haya yanafunguliwa ndani ya siku 60. Zimepita tukingoja "wiki ijayo". Nasikia unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu ya maana. Pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri asipoonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha makubaliano ni wake. Wanasheria wa humu, je, hiyo inatuhusu sisi vibarua wa siku nne? Na tumshitaki nani, hoteli au mratibu? Fulana tunazo, na orodha ya majina yenye saini ya msimamizi nimeipiga picha.

Wanaokuja kuniambia "tafuteni kazi nyingine", piteni kimya.