Nebraska: tubaki na Rhule, au tufuate njia ya Indiana?

MahindiMekundu (mwenye uzi)

Wakuu, salamu. Msimu wa 2025 wa mpira wa Kimarekani wa vyuo umekwisha, na sisi wa chuo cha Nebraska tumemaliza na ushindi 7 na vipigo 6, sawa kabisa na msimu wa 2024. Mechi ya kufungia, kule Las Vegas, Utah wametutandika 44-22. Ule uzi mwingine wa kumtukana kocha wetu Matt Rhule nimeusoma wote na hoja sikuiona, ndiyo maana nafungua huu tulinganishe.

Naona njia tatu za kufufua timu ya chuo iliyokufa. Yetu ni ya Rhule: aliajiriwa Novemba 2022 kwa mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 74, akaahidi kusajili vijana kutoka sekondari na kuwalea. Ya Colorado ni ya Deion Sanders: alikuta timu imetoka 1-11 (ushindi 1, vipigo 11), akafagia chumba chote cha kubadilishia nguo na kuingiza wachezaji wapya zaidi ya 80 kwa mpigo. Ya Indiana ni ya Curt Cignetti: alitua mwishoni mwa 2023 timu ikiwa imetoka 3-9, akaja na wachezaji 13 aliokuwa nao chuo kidogo cha James Madison. Mwaka wa kwanza 11-2. Mwaka wa pili 16-0 na ubingwa wa taifa.

Mimi nilikuwa wa Rhule mpaka Novemba. Sasa niko katikati. Semeni.

Dada wa Lincoln

Mimi naishi hapa Lincoln, mji wa timu yetu, kwa hiyo naanza na historia, maana vijana wengi humu wamejua timu hii juzi.

Sisi ni mabingwa wa 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Tom Osborne alikaa miaka 25 na hakuna msimu hata mmoja alioshinda chini ya mechi 9. Uwanja wetu, Memorial Stadium, unauza tiketi zote kila mechi ya nyumbani tangu 1962. Jumamosi ya mechi ukitaka kununua unga au kukata nywele, nenda mpira ukiwa umeanza, utakuta duka zima ni lako.

Sasa angalieni tulivyoibomoa kwa mikono yetu. 2003 tulimfukuza Frank Solich akiwa na ushindi 9 na vipigo 3. Tukasema tunastahili zaidi. Tukampata Bill Callahan, akatupa misimu miwili ya kushindwa zaidi ya kushinda. 2014 tukamfukuza Bo Pelini, ambaye kila msimu alishinda mechi 9 au 10. Tukasema tena tunastahili zaidi. Akaja Mike Riley, kisha Scott Frost, mtoto wa nyumbani, kwotabeki (mpiga pasi mkuu) wa ubingwa wa 1997. Frost aliondoka na ushindi 16 na vipigo 31.

Kila tukimtimua kocha, anayekuja anatufanya tuseme afadhali yule wa jana. Mniambie ni kocha gani mnayemtaka, jina na ukoo, ndipo nitakubali tuzungumze kumfukuza huyu.

Kipenga_Cha_Mwisho

Dada nakuheshimu, ila umemtaja Riley ukapita haraka. Riley alitimuliwa baada ya misimu mitatu akiwa na ushindi 19 na vipigo 19. Haya, tumpigie Rhule hesabu: 2023 ni 5-7, 2024 ni 7-6, 2025 ni 7-6. Jumlisheni wenyewe.

Riley tulimfungashia virago. Rhule tumemwongezea mkataba hadi 2032.

Binamu_wa_Omaha

Mimi niko Nairobi, mpira huu naufuata kwa sababu ya binamu yangu aliyehamia Omaha, kwa hiyo mnisamehe nikiuliza la kitoto. Kwetu kocha akifungwa mechi nne mfululizo, kibarua kimeota nyasi. Huyu anaongezewa mkataba wa nini?

MahindiMekundu

@Binamu_wa_Omaha si la kitoto hata kidogo. Oktoba 2025 chuo cha Penn State walimtimua kocha wao, James Franklin. Rhule alisoma Penn State na kuchezea timu yao, jina lake likaanza kutajwa kila kona. Wakubwa wa Nebraska wakaingia hofu, tarehe 30 Oktoba wakatangaza nyongeza. Tulikuwa 6-2 wakati huo.

Siku mbili baadaye tulicheza na USC nyumbani. Kwotabeki wetu Dylan Raiola akavunjika mfupa wa mguu, tukalala 21-17.

Kipenga_Cha_Mwisho

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Baada ya ile saini tumecheza mechi tano, tumeshinda moja, ya UCLA.

Na hapa ndipo napotaka watu wakae chini wasome, kwa sababu si bahati mbaya ya mguu wa mtu mmoja. Ugaweni kila msimu wa Rhule vipande viwili. 2023 alianza 5-3, akapoteza nne zote zilizobaki. 2024 alianza 5-1, akamaliza 2-5. 2025 alianza 6-2, akamaliza 1-4. Vipande vya mwanzo ukivijumlisha ni ushindi 16 na vipigo 6. Vipande vya mwisho ni ushindi 3 na vipigo 13.

Hiyo ni timu ambayo wapinzani wakishapata video za kutosha za kuisoma, wanaijua. Wao wanabadilika, sisi hatubadiliki. Na bado hatujaifunga timu yoyote iliyomo kwenye orodha ya 25 bora tangu Oregon, Septemba 2016. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule yuko shule ya msingi.

Dada wa Lincoln

Ulivyoigawa si haki kabisa. Vipande vya mwisho ndiko ziliko Ohio State, USC, Iowa, Penn State. Mwanzoni tunacheza na wanyonge. Ratiba yenyewe imekaa hivyo.

Kipenga_Cha_Mwisho

Maryland na Michigan State ya 2023 nazo ni majabali? Zote zilikuwa kwenye kipande cha mwisho, na zote zilitufunga.

Mbuzi_wa_Boulder

Naomba niingie, mimi ni wa Colorado na najua hamtupendi. 2024 mlitufunga 28-10, sina kinyongo.

Msimcheke Deion. Kabla yake hakuna aliyekuwa anaijua Boulder, mji wa chuo chetu. Mwaka wa kwanza 4-8, wa pili 9-4, Travis Hunter akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akicheza pande zote mbili, ushambuliaji na ulinzi, kitu ambacho watu walidhani kimekufa enzi za babu zetu. Tiketi zikaisha, kamera zikahamia kwetu.

Ila nitasema kweli. Hunter na kwotabeki wetu Shedeur walipokwenda NFL, ligi ya kulipwa, tulirudi 3-9. Nyumba ilikuwa imesimama juu ya nguzo mbili na moja ilikuwa mtoto wa kocha mwenyewe. Njia hii inafaa kama unataka kufufuka haraka ili upate pesa na jina, kisha ujenge. Kosa letu ni kwamba hatukujenga ule ukuta wa mbele wa kumlinda kwotabeki. Shedeur alikuwa anaangushwa kila wiki mpaka mtu unafumba macho.

Fundi_Bomba_Des_Moines

Mimi ni wa Iowa, nimekuja kusoma tu. Endeleeni.

MahindiMekundu

Huyu naye nani kamwalika.

Mhasibu_Mstaafu

Vijana mnazungumza makocha, mimi nizungumze fedha, maana ndizo zilizobadili mchezo.

Rhule ana sifa ya kweli ya kufufua timu. Temple: 2-10 mwaka wa kwanza, 6-6 wa pili, 10-4 wa tatu. Baylor: 1-11, kisha 7-6, kisha 11-3. Mwaka wa tatu ndiko kunakopasuka. Watu wa Nebraska walinunua ramani hiyo, na mimi nisingewalaumu. Lakini ramani ile ilichorwa enzi ambazo mchezaji akihama chuo alikaa benchi mwaka mzima kama adhabu. Ukimlea kijana mwaka wa kwanza na wa pili, wa tatu ni wako, hana pa kwenda. Tangu 2021 mchezaji anahama na kucheza papo hapo, na anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. Tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kumlipa, kima cha juu kwa michezo yote kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Matokeo yake mwaka wa tatu wa Rhule umefika, na matunda anachuma mwingine. Raiola tulimpokonya chuo cha Georgia, baba yake Dominic ni nyota wa zamani wa Nebraska hii hii, tukamwanzisha akiwa mwaka wa kwanza, tukavumilia makosa yake yote ya utoto. Sasa yuko Oregon.

Cignetti alielewa soko mapema. Hakununua watoto wa sekondari wenye nyota tano, daraja la juu kabisa la usajili. Alinunua watu wazima wa miaka 22 na 23 waliokwisha kucheza mechi nyingi vyuo vidogo, watu ambao ukiwatazama kwenye video unajua unachonunua. Kurtis Rourke alitoka chuo cha Ohio, si Ohio State, na 2024 nzima alicheza na kano ya goti iliyochanika. Fernando Mendoza alitoka chuo cha California, akaondoka na Heisman.

Kocha_wa_Benchi

Mzee Mhasibu umenigusa. Mimi nilikuwa Bloomington, nyumbani kwa Indiana, Oktoba 2024, walipotufunga zile 56-7. Tulikwenda tukiwa 5-1, tumevaa nyekundu, tunaimba. Rourke aliumia kidole gumba nusu ya kwanza, akatoka. Jukwaani tukapigana mabega, tukasema Mungu ni wetu. Akaingia wa akiba, Tayven Jackson, na hakuna kilichobadilika. Hakuna! Pasi zile zile, mashimo yale yale, tachidauni juu ya tachidauni. Jamaa mmoja wa Indiana nyuma yangu, mzee wa makamo, alikuwa anaomba radhi kila wakifunga, maana maisha yake yote hakuzoea kushinda. Kabla ya msimu ule Indiana ndiyo iliyokuwa na vipigo vingi kuliko timu zote za daraja la juu la vyuo.

Kwa hiyo mtu akiniambia "sisi ni Nebraska, tunahitaji muda", mimi namuuliza: Indiana walikuwa na nini ambacho hatuna?

Dada wa Lincoln

Walikuwa na Cignetti. Yupo mmoja tu.

Kila chuo Marekani sasa kinataka Cignetti, na kumi watafukuza makocha wao wakimtafuta, na tisa watarudi na Callahan. Na hesabu ya kufukuza mnaijua? Frost alitimuliwa tarehe 11 Septemba 2022, siku moja baada ya kufungwa na Georgia Southern nyumbani, 45-42. Wangengoja hadi tarehe 1 Oktoba, fidia ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi 7.5. Hawakuweza kungoja wiki tatu! Huyu wa sasa ana mkataba hadi 2032. Pigeni hesabu wenyewe.

Halafu kulea bado kunalipa. Emmett Johnson alikaa hapa, hakuwa na jina, hakuhama, 2025 kakimbia zaidi ya yadi 1,400.

Kipenga_Cha_Mwisho

Johnson alisajiliwa enzi za Frost, dada. Na keshaaga, anakwenda NFL.

Dada wa Lincoln

Alisajiliwa na Frost, akalelewa na Rhule. Mtoto ni wa anayemlea.

Mhasibu_Mstaafu

Dada yuko sahihi kuhusu gharama, na ndiyo sababu mimi simfukuzi. Ninachotaka ni Rhule aache kuwa Rhule wa Temple. Dalili zipo: Novemba 2024 aliondoa usukani wa ushambuliaji kutoka kwa Marcus Satterfield, rafiki yake wa miaka mingi, akampa Dana Holgorsen, na Wisconsin tukawapiga 44-25, tukapata mechi ya baada ya msimu kwa mara ya kwanza tangu 2016. Mtu anayeweza kumwondoa rafiki yake anaweza kubadilika. Swali ni kama atakwenda sokoni kununua safu ya mbele ya watu wazima, ulinzi na ushambuliaji, kabla hajanunua kwotabeki mwingine mwenye sura ya televisheni. Penn State walitufunga 37-10 na Iowa 40-16 kwa kutusukuma tu. Hakukuwa na ufundi wa ajabu.

Binamu_wa_Omaha

Naanza kuelewa. Sasa nani ananiambia hii habari ya Iowa? Binamu hataki hata kuitaja.

MahindiMekundu

Mwenzangu, keti. 2023, nyumbani, tuko sare 10-10, Iowa wanapiga mkwaju wa mwisho kabisa wa mechi, 13-10. 2024, kwao, manahodha wetu wanakataa hata kuwapa mkono kabla ya mechi. Mapumziko tunaongoza 10-0. Wanasawazisha. Tunashika mpira mwishoni, tuna sekunde chache tu, kila mtu anajua tunakwenda muda wa ziada, Raiola anaangushwa, mpira unamtoka. Iowa wanapiga mkwaju wa yadi 53, saa imeisha. 13-10.

Matokeo yale yale, namna ile ile, miaka miwili mfululizo. Ile 40-16 ya 2025 ilikuwa nafuu, angalau tulijua mapema.

Kipenga_Cha_Mwisho

Basi mimi kipimo changu kwa 2026 ni hicho. Sitaki hotuba ya mchakato. Novemba ashinde mechi tatu, moja iwe ya Iowa. Asipofanya hivyo, hata fidia iwe milioni ngapi, nitachangia.

Fundi_Bomba_Des_Moines

Samahani wakuu, nilisema nasoma tu. Tangu 2015 mmetufunga mara moja, 2022, kwetu, 24-17. Siku hiyo Frost mlikuwa mmeshamfukuza na Rhule hajaanza kazi. Aliyekuwa anawafundisha ni kocha wa muda, Mickey Joseph.

Dada wa Lincoln

Msimamizi, huyu anaruhusiwa humu kweli?