Bolti za ndoano ya tela zinalegea kila safari, nikaze hadi 240?

Matoke_Masaka: Wakubwa, nisaidieni. Ndoano ya tela imefungwa chini ya pikapu kwa bolti nne. Nakaza Masaka kwa spana ya toki, ile inayolia ikifika nguvu uliyoiweka, nimeiweka 200 Nm, lakini nikifika Kayabwe, pale kwenye ikweta, zile mbili za nyuma zimelegea, nati nazungusha kwa vidole. Jumamosi napakia tena. Nikaze 240?

Fundi_Kimya: Kichwani mwa bolti pameandikwa nini?

Matoke_Masaka: 8.8, ndilo daraja la nguvu yake, mpya kabisa. Shida si bolti, nataka namba tu.

Nyabo_Breki: Anza na mzigo. Mikungu ikirundikwa nyuma, tela linainua ndoano na kuitikisa kila tuta. Sogeza mbele mpaka pua ya tela ibebe kama asilimia 10 ya uzito wa tela zima. Na mnyororo wa usalama fungeni jamani, nyuma yenu kuna watu wa boda.

Kasuku256: Labda tela linataka kushuka lipige picha kwenye ikweta.

Fundi_Kimya: Rangi uliikwangua? Rangi nene chini ya washa husagika, na ikipungua hata kidogo bolti inapoteza mvuto unaobana vyuma pamoja. Soketi unayotumia ni namba ngapi?

Matoke_Masaka: Rangi ipo, fundi aliipaka vizuri. Soketi 19.

Mzee_Vipimo: Hadithi ya kutunga hii. Soketi 19 ni ya M12, bolti ya unene wa milimita 12, na M12 ya 8.8 ikiwa kavu inataka kama 80 Nm tu. Ukiipeleka 200 inakatika kabla spana haijalia. Ama spana ya toki huna, ama tela huna.

Matoke_Masaka: Tela ninalo, ssebo. Ila… spana haikulia. Kwenye zile mbili nati ilianza kwenda laini, nikaona inatosha. Matundu ni ya M16. Siku ile zilikosekana, fundi akaweka M12 na washa nene. Ameshalipwa, na gundi ya kupaka kwenye meno ya bolti nimeshanunua. Si itashika?

Fundi_Kimya: Haishiki. Ule ulaini ni chuma kilichokuwa kinavutika, hakirudi tena. Gundi huzuia nati isizunguke, mvuto hairudishi. Toa zote nne, hata zinazoonekana nzima. Weka M16 za 8.8, soketi 24, nati mpya, washa bapa ngumu pande zote mbili. Kwangua rangi hadi chuma. Mafuta usipake: meno yakiteleza, 200 ile ile inavuta bolti kupita kiasi. Kaza kwa msalaba, zote 70, kisha 140, kisha 200. Kitabu cha ndoano kikitaja namba nyingine, fuata kitabu. Halafu chora mstari wa rangi kutoka nati hadi kwenye bamba. Ukiachana, nati imezunguka. Kayabwe simama, pima tena kwa 200.

Mzee_Vipimo: Neno "kutunga" nalifuta. Lakini M12 ikicheza ndani ya tundu la M16 inalitanua kama yai. Pima kwa kalipa, wima na ulalo. Likizidi milimita 18 upande wowote, bamba halifai.

Matoke_Masaka: Nimepima sasa hivi. Ya mbele 17 kote. Moja ya nyuma 17 kwa 20. Nikiweka washa kubwa zaidi?

Nyabo_Breki: Jumamosi kodi gari la mtu.